Alama ya Zedekiah

Kuna watu huamka, wakasali, wakanywa chai, ndipo wakawakumbuka waliowakosea. Zedekiah Ooko alianza na kukumbuka. Kila asubuhi, kabla mkewe Truphena hajawasha stovu, alishusha mkebe wa majani chai kutoka juu ya kabati, akatoa kipande cha chuma kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akakigeuzageuza mkononi, akakirudisha. Lilikuwa jino la gia, limekatika shinani. Kisha ndipo akapiga magoti. Miaka kumi na tano alifanya hivyo, na usidhani sala zile zilikuwa za kumwombea heri Ndirangu, bosi wake wa zamani.

Alizaliwa Makongeni, kwenye nyumba za reli, wakati baba yake akiwa fundi wa karakana. Mzee Ooko alikuwa mtu wa maneno machache na chaki nyeupe mfukoni. Gurudumu alilolikagua akaridhika nalo alilichora duara. Ambalo hakuridhika nalo liliondoka mikononi mwake tupu, na hakuna bosi aliyeweza kumlazimisha kulichora, hata akifoka mpaka mate yamruke. Zedekiah aliyaona hayo akiwa bado anavaa kaptura, yakamkaa.

Alipokua akaingia kwenye giaboksi. Wengine hupenda injini kwa sababu injini ina kelele na sifa. Giaboksi imejificha chini ya gari, haina anayeisifu, na ikifanya kazi vizuri hakuna anayekumbuka kwamba ipo. Yeye ndiyo aliyoipenda. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye kasha, sikio kwenye mpini, akakuambia ni beringi gani inayolia. Kwa miaka kumi na saba alikuwa fundi wa giaboksi katika gereji ya Ndirangu kule Industrial Area, mtaa wa viwanda, na kila giaboksi aliyoifunga na kuiamini aliipaka ubavuni duara la rangi ya manjano lenye herufi Z katikati. Wenye magari waliinama chini kutafuta duara lile kabla ya kupokea funguo. Ndirangu mwenyewe alilipenda, maana lilimletea wateja.

Basi mwaka wa 2009 akaja wakili mmoja na kigari chake cha michezo cha zamani, cha milango miwili, akitaka kitiwe injini kubwa. Ndirangu akaitafuta injini, akaitia. Zedekiah akaiangalia giaboksi, ile ile ndogo iliyokuja na gari, akatikisa kichwa.

"Hii haitavumilia," akasema.

"Wewe funga tu," Ndirangu akamjibu.

Akaeleza. Giaboksi haivunjwi na mwendo, hapo ndipo watu hukosea. Huvunjwa na msokoto. Nguvu yote ya injini hupita kwenye jino moja au mawili yaliyoshikana kwa wakati ule, na jino lililotengenezwa libebe gunia moja, ukilitwika matatu, litabeba leo, litabeba kesho, keshokutwa litakatika. Ukitia injini kubwa, tia na giaboksi iliyozaliwa nayo. Ndirangu akapiga miayo. Zedekiah akaifunga kwa sababu alikuwa mwajiriwa, lakini hakuipaka alama. Akaenda zake nyumbani.

Siku tatu baadaye giaboksi ikapasuka Jogoo Road, mchana kweupe. Wakili akaja gerejini akiwaka moto. Na pale ubavuni mwa kasha, jamani, duara la manjano lilikuwa linang'aa! Ndirangu alikuwa amelipaka mwenyewe.

"Si hiyo ndiyo alama yake?" Ndirangu akasema mbele ya gereji nzima, akimnyooshea kidole. "Mzee siku hizi anakunywa. Nimemvumilia vya kutosha."

Anakunywa! Zedekiah, shemasi wa kanisa la watu wanaoshika Sabato, ambaye hata busaa ya mazishi hajawahi kuionja! Alifungua mdomo, maneno yakagoma. Angesema nini? Alama ilikuwa pale na kila mtu aliijua. Aliinama tu, akaokota jino moja kwenye oili iliyomwagika, akatoka nalo. Kanisani wakamwita wakamhoji, wakamwomba apumzike kidogo na ushemasi, na kile kidogo hakikuisha. Mtaani wakambandika jina la Mapengo. Watu wazima walimwita hivyo akiwa na mkewe pembeni, wakacheka.

Akasimamisha kibanda cha mabati ukingoni mwa Makongeni, akaanza upya na pikapu za kubeba viazi. Tangu siku ile hakupaka tena rangi nje. Giaboksi aliyoiamini aliichonga duara lake kwa sindano ya chuma upande wa ndani wa kifuniko, mahali ambapo mwongo hafiki na brashi. Hakumwambia mtu, isipokuwa Truphena.

Mwaka huu, Jumatatu moja, pikapu ikasimama mbele ya kibanda. Akashuka Muriuki, msimamizi wa gereji ya Ndirangu, mtu wa makamo mwenye haya usoni.

"Habari ya siku nyingi, mzee?"

"Nzuri. Umepotea njia?"

Muriuki akazunguka pikapu. Alifunua turubai nyuma. Palikuwa na giaboksi ya Datsun ya mwaka sabini na tatu, imesuguliwa mpaka inang'aa. Zedekiah aliijua kabla hajaigusa. Alikuwa ameifunga mara mbili enzi zile, kwa ajili ya mwalimu mmoja aliyeitwa Njogu, aliyekuwa akishindana mbio za magari wikendi na kurudi darasani Jumatatu na vumbi masikioni.

"Njogu amefariki," Muriuki akasema. "Gari ni la binti yake sasa. Injini ya zamani ilikufa, bosi ametia nyingine, ya silinda sita, yenye tabo ya kuiongezea nguvu. Mwenye gari anataka giaboksi ibaki ya babake, na anataka ifungwe na wewe. Na alama yako iwepo. Ile ya zamani ilitoka tulipoosha."

"Silinda sita ya tabo," Zedekiah akarudia polepole. "Kwenye hii."

"Ndiyo, mzee."

"Mwambie bosi wako hii haitavumilia. Gia ya tatu ndiyo itakayotangulia. Atafute iliyozaliwa na injini yenyewe. Mimi siwezi kuipaka alama."

Muriuki akapiga simu, akaweka sauti juu. Ndirangu akacheka, kicheko kile kile, kana kwamba waliachana jana kwa wema.

"Zedi! Bado uko na mambo yako ya zamani? Wewe funga tu."

Funga tu! Zedekiah alihisi damu imempanda mpaka kwenye masikio. Maneno yale yale, sauti ile ile. Hata pole hakuna. Na papo hapo, kabla Muriuki hajaikata simu, aliona jambo zima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndirangu ataipata giaboksi bila alama. Mwenye gari ametaka alama. Kwa hiyo Ndirangu atachukua brashi. Na safari hii, ikivunjika, itafunguliwa mbele ya watu.

"Iteremshe," akamwambia Muriuki. "Nitafunga."

Tuseme ukweli, giaboksi ile ingeweza kuishi. Mtu mpole, anayebadilisha gia taratibu na kupeleka gari kanisani, angekaa nayo hata mwaka. Lakini Zedekiah alimjua Ndirangu. Kila Jumapili asubuhi, viwanda vikiwa vimefungwa na malori hayapo, mafundi wa Industrial Area huleta magari waliyoyamaliza wakayaonyesha kwenye barabara tupu. Ndirangu mbele ya watu hakuwahi kuendesha polepole maishani mwake. Angeachilia klachi ghafla. Lazima.

Jumatano akaja mwenye gari. Waithera alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, viatu vya ofisini, akaruka matope akifuata harufu ya dizeli hadi mlangoni. Alimsalimia Zedekiah kwa mikono miwili.

"Baba alikuwa akikutaja," akasema. "Aliniambia, usikubali gari likushinde, na usikubali giaboksi isiyo na duara la Zedekiah."

Zedekiah akaangalia chini. Hakuwa amesikia sifa kwa muda mrefu, zikamwingia vibaya.

"Mimi sikutaka injini kubwa," Waithera akaendelea. "Nilitaka tu gari litembee. Ndirangu ndiye aliyesema hii ni nzuri zaidi. Nilimwomba kitu kimoja, giaboksi na mkono wa gia vibaki vya Baba. Alinifundisha kuendesha na hiyo, mkono wake juu ya wangu." Akaigusa giaboksi ile kwa kidole. "Mzee, itavumilia?"

Lilikuwa swali, na lilikuwa na jibu. Jibu lilifika hadi kwenye meno ya Zedekiah. Likitoka tu, Waithera angempigia Ndirangu, giaboksi nyingine ingetafutwa, na Ndirangu angeendelea kunenepa kwa jina zuri mpaka afe.

"Nitaifunga vizuri kuliko alivyowahi kuifunga mtu," akasema.

Hakudanganya. Wala hakujibu. Waithera alitabasamu, akaandika nambari yake ya simu kwenye kipande cha boksi la beringi. "Kukiwa na lolote, nipigie, hata kama ni dogo."

Jioni hiyo Truphena alikiona kipande kile mezani, akauliza, akaambiwa yote. Aliweka mwiko chini.

"Baba Akech, mpigie huyo mama."

"Nilimwambia Ndirangu."

"Ndirangu si mwenye gari."

"Na mimi nilipopakwa matope, nani alinipigia?" Zedekiah akapandisha sauti mpaka jirani akapunguza redio. "Ulilia wewe! Umesahau? Ulishindwa kwenda sokoni mwezi mzima kwa jina la Mapengo!"

"Sijasahau," Truphena akasema. "Lakini huyo mama hakuwepo." Akageukia sufuria yake.

Alhamisi Zedekiah akaifunga. Na kama ungemwona ungedhani anamwosha mtoto mchanga. Beringi mpya, gasketi alizokata kwa mkono, kila jino akalipitisha kidole akitafuta ufa. Hakuacha hata nati moja legelege, maana hakutaka hata chembe ya kosa iwe yake. Alipofika kwenye kifuniko cha chini akakigeuza, akachukua sindano ya chuma. Mahali pa duara akachonga herufi kubwa: NIMEKATAA KUIPA ALAMA. INJINI NI KUBWA KULIKO MENO. GIA YA TATU. Z. OOKO. Akaongeza tarehe. Akafunga boliti zote kumi, akaipanguza kwa kitambaa, nje ikiwa safi na tupu. Muriuki akaja akaichukua.

Simu ilikuwa mfukoni. Kipande cha boksi kilikuwa mezani. Ijumaa ikapita, Sabato ikapita, wiki nzima ikapita.

Jumapili iliyofuata akavaa suti yake ya kanisani, akatia lile jino la zamani mfukoni, akashika njia kwa miguu. Barabara ilikuwa imejaa mafundi, watu kutoka Ziwani na Makongeni, na mama wawili wakiuza mandazi. Datsun ilikuwa katikati, rangi ya chungwa, nzuri mpaka mtu anasahau alichokuja kufanya. Zedekiah hakusahau. Aliinama kama afungaye kamba ya kiatu, akachungulia chini.

Duara la manjano. Z katikati, imepakwa vibaya, mkia umevutwa mno.

Moyo ulimruka kwa furaha, haki ya Mungu. Miaka kumi na tano, na mjinga amerudi kwenye mtego kwa miguu yake mwenyewe! Aliponyanyuka, Waithera alikuwa amesimama mbele yake, amevaa jaketi la kiume linalomzidi mabega. La babake, bila shaka.

"Mzee, asante sana," akasema, akamshika mkono. "Nimeiona alama yako. Sasa nimetulia."

Ni hapo. Neno moja lingetosha, na gari lilikuwa bado limezimwa.

"Karibu," Zedekiah akasema.

Ndirangu akaingia kwenye gari, tumbo likigusa usukani. Alimwona Zedekiah akamkonyeza. Akawasha injini, ikanguruma, watu wakapiga kelele, naye kusikia kelele tu ndiyo basi. Akaachilia klachi. Magurudumu yakafuka moshi. Gia ya kwanza, ya pili, gari limekuwa mshale. Kisha ya tatu.

Mlio ule ulikuwa kama mtu amemwaga misumari kwenye sufuria. Datsun ikasita, ikaserereka yenyewe hadi ukingoni, nyuma yake mstari mweusi wa oili. Hakuna aliyeumia. Ndirangu akatoka akiwa tayari amenyoosha kidole.

"Ni huyu! Ni Mapengo! Angalieni alama yake hapo chini! Nilimhurumia nikampa kazi!"

Watu wakageuka. Zedekiah alikuwa ameisubiri saa hiyo kiasi kwamba sauti yake ilitoka imetulia.

"Ifunguliwe hapa hapa," akasema. "Kifuniko cha chini. Muriuki ndiye afungue, si mimi."

Ndirangu akaanza visingizio vya gereji, vya kesho, vya jua. Umati ukamzomea. Jeki ikaletwa. Muriuki akalala chini akafungua boliti kumi, oili ikamwagika kwenye karai na ndani yake meno, moja, mawili, matano, yakilia. Akatoka na kifuniko, akakipangusa kwa tambara, akakodoa macho. Kisha akasoma kwa sauti, neno kwa neno, hadi tarehe.

Watu wakasukumana kukiona kifuniko.

"Na alama ya nje?" mtu akauliza.

Muriuki alimtazama bosi wake, akamtazama Zedekiah. "Aliipaka bosi," akasema. "Mimi nilimshikia mkebe wa rangi."

Zedekiah akatoa jino mfukoni, akaliweka juu ya boneti mbele ya Ndirangu. "Na ile ya wakili, 2009? Ile nayo nani alikushikia mkebe?"

Ndirangu alifungua mdomo, maneno yakagoma. Zedekiah aliyaona yakigoma, akayatazama vizuri, akashiba. Watu walicheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Ndirangu akasukumana na umati, akaondoka bila hata kuchukua koti lake. Mafundi wakamzunguka Zedekiah, wengine wakimpiga mabegani, fundi mkongwe mmoja akimwita kwa jina lake kamili, Zedekiah mwana wa Ooko. Alitaka kulia. Alimtafuta Waithera kwa macho, maana yeye ndiye angekuwa wa kwanza kumshukuru.

Waithera alikuwa amechuchumaa kando ya karai. Kifuniko kilikuwa mapajani mwake, oili ikiloweka jaketi. Alikuwa anasoma mwenyewe.

"Uliandika Alhamisi," akasema, akionyesha tarehe.

"Ndiyo. Nilijua atafanya vile. Nilimwambia yeye na msimamizi wake, wakakataa kusikia."

"Nilikuja kwako Jumatano nikakuuliza kama itavumilia." Sauti yake haikuwa kubwa. "Alhamisi nambari yangu ulikuwa nayo. Leo nimekushika mkono hapa hapa, nikakuambia asante. Ukanijibu karibu."

Zedekiah akarudia lile lile. "Nilimwambia Ndirangu."

"Mzee, umeniandikia barua ukaiweka mahali ambapo ningeisoma tu kitu cha Baba kikiwa kimeshavunjika."

Waliokuwa karibu wakaacha kucheka. Zedekiah akapiga goti moja la suti kwenye oili, akanyoosha mkono kuelekea kwenye karai. "Niachie. Nitaitengeneza. Hata kama ni kutafuta jino kwa jino, mwaka mzima."

"Usiiguse," Waithera akasema. "Alinidanganya mmoja kwa rangi. Wewe ulinidanganya kwa kunyamaza, na Baba alikuwa akikuamini."

Akasimama, akamwomba Muriuki amtafutie gari la kuvuta. Hakumtazama Zedekiah tena.

Jina lake lilisafishika, hilo hakuna wa kulipinga. Mwezi haukwisha kabla kibanda hakijajaa magari mpaka barabarani. Kanisani walimrudishia ushemasi, wakasimama kuomba msamaha mbele ya kusanyiko, Truphena akiwa kiti cha mbele na kitambaa kipya. Mapengo hakuna anayethubutu kulitamka. Anapaka tena duara lake la manjano nje, mchana, kila mtu akiona. Ndirangu amehamisha gereji, wanasema iko upande wa Kariobangi, wengine wanasema amefunga kabisa, na Zedekiah hakuwahi kuuliza.

Nambari iliyo kwenye kile kipande cha boksi ameipiga mara nyingi. Inaita mpaka inakatika.

Jino la 2009 alilitupa kwenye chuma chakavu siku ile ile aliyorudi nyumbani, hata hakulitazama. Lakini mkebe haukubaki mtupu. Jumapili ile, watu walipokuwa wakimshangilia, alikuwa ameokota jino moja karibu na karai bila kufikiri, kama ulivyozoea mkono wake. La Datsun ya Njogu. Kila asubuhi, kabla Truphena hajawasha stovu, hulishusha, akaligeuzageuza mkononi, na kukaa nalo muda mrefu kabla ya kuweza kupiga magoti.